Salamu Nilizoziandika Kama Habari

Wiki ya kuniaga, makarani wenzangu, mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa kazi. Mmoja wenu akasema niandike mafanikio. Mafanikio yangu yanatosha ukurasa mmoja na nafasi itabaki ya kuandikia orodha ya sokoni. Vyeo na mishahara sivigusi, anayevitaka akaulize ofisi ya wafanyakazi. Nitawaandikia jinsi mimi Nyambura, karani wa rekodi, nilivyoweka neno "hai" mbele ya majina ya wanawake waliokuwa wamekwisha kuzikwa, na jinsi neno hilo lilivyotaka kumuua mtu aliyenifundisha kazi.

Nilianza kazi nikiwa msichana, katika hospitali ya kanisa nje kidogo ya Kitale. Jina lake naliacha, maana kosa ni langu si la majengo. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati wakiwa na majembe na mbegu ya viazi, kwa hiyo Kibukusu, lugha ya wagonjwa wetu wengi, nilijua salamu tu, na zenyewe nilizisema vibaya. Wodi ya wanawake ilikuwa chini ya Sista Nasimiyu. Alikuwa Sista wa wodi, si mtawa, muuguzi mfupi mwenye viatu vya mpira na saa aliyoibana kifuani kwa pini, na hakuwa na mazoea ya kurudia jambo.

Asubuhi ya kwanza alinipa rejista, akaniambia nikahesabu wagonjwa. Nikasimama mlangoni, nikahesabu mablanketi yenye mtu ndani, nikarudi kabla hata hajamaliza kunawa mikono.

"Kumi na wanane, Sista."

"Wote wanapumua?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania kama wanavyotaniwa wageni kazini. Alinishika mkono, akanipeleka kitanda cha dirishani, akafunua blanketi kidogo. Yule mama alikuwa amekata roho alfajiri na alikuwa akisubiri kubebwa. Alikuwa rika la mama yangu, na kifuani alikuwa na bendeji iliyofungwa vizuri sana, mtu angedhani kesho yake angerudi nyumbani.

"Huyu umemwandika yuko," Sista akasema, bila kupandisha sauti. "Ukihesabu mtu, simama karibu naye. Tazama blanketi. Likipanda na kushuka, andika. Lisipopanda, niite. Na usiniletee tena hesabu ya mlangoni."

Mchana sikuweza kula. Sista akala chakula changu pia, akasema ni dhambi ugali kumwagwa kwa sababu ya msichana mwoga.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na rejista ya jalada gumu jeusi, kalamu ya bluu ya walio hai na nyekundu ya waliofariki, kadi ndani ya maboksi ya viatu, na kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haikufunguka mpaka uipige teke upande wa kushoto. Wanawake wenye uvimbe wa titi walikuja wamechelewa, wengi baada ya kuzunguka kwa waganga na kwa wachungaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini msiwalaumu, maana hata nyinyi mna mambo mnayoyafunika. Walikatwa titi, wakalala, kidonda kikakauka, wakaenda zao. Siku hizo swali la watafiti waliosoma rekodi zetu lilikuwa moja tu: je, mgonjwa alitoka wodini akiwa hai? Akipita mlangoni kwa miguu yake tuliandika "amepata nafuu", tukafunga faili. Alikokwenda baadaye ilikuwa shauri la Mungu na jamaa zake.

Ugumu wangu mkubwa ulikuwa majina. Mama mmoja aliandikishwa mara ya kwanza kwa jina la baba yake, mara ya pili kwa jina la mume, na mara ya tatu akasema yeye ni Mama Wekesa, andika hivyo hivyo. Kwangu mimi hao walikuwa wagonjwa watatu. Sista alizichukua zile kadi, akazitazama, akasema, "Hawa watatu wana kovu moja la kuchomwa na maji ya moto mkono wa kulia," akazibana pamoja. Alimjua kila mama kwa mwili wake na kwa mlima aliotoka. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na nadhani sikuwahi kuhesabu tena kutoka mlangoni mpaka alipostaafu akaenda kwake Webuye. Alikuwa na nyumba huko aliyoijenga na marehemu mumewe, ambaye alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi.

Kabla hajaondoka, swali la watafiti lilikuwa limeshabadilika. Haikutosha tena kujua kama mama alitoka wodini. Walitaka kujua kama miaka mitano baadaye bado yupo. Kisha likabadilika tena, wakataka kujua anaishije: mkono umevimba, anaweza kuunyanyua amsuke mtoto, analala na mumewe, analala usingizi. Mimi niliona haya kuuliza baadhi ya hayo, lakini nilikuja kuona ndiyo maswali ambayo akina mama wenyewe walikuwa wakingoja kuulizwa. Aliyetuletea mambo hayo alikuwa Daktari Simiyu, kijana wa Bungoma aliyerudi kutoka masomoni na tarakilishi begani. Alikuwa mtu wa heshima, akiniita Mama, akiosha kikombe chake mwenyewe.

Naye alileta simu. Zamani kumtafuta mgonjwa kulikuwa safari ya siku nzima, na mara nyingi ulirudi na matope tu. Sasa nilipewa simu ya ofisi na orodha. Wanawake waliomaliza raundi zote za kemo, ile dawa ya saratani inayoingizwa kwa mshipa, hatukuhitaji kuwapigia, maana walikuwa wakija kliniki yetu ya Bungoma kwa miadi. Waliokuja tuliwaona kwa macho, na aliyefariki kati yao tulimjua upesi. Waliopigiwa simu ni wale walioacha dawa katikati. Hao hawakuonekana tena kliniki, ila namba zao tulikuwa nazo.

Kazi nikaizoea haraka. "Habari ya huko? Ni Nyambura wa hospitali. Mama anaendeleaje?" Upande wa pili wanasema, "Salama." Nami, "Asante sana, Mungu awabariki." Nakata, naandika: hai. Kabla ya chai ya saa nne nimemaliza ukurasa. Makarani wa umri wenu walikuwa wakija kunitazama, wakisema, "Mama Nyambura ni noma," nami nikijifanya sisikii. Kumbe sifa zile zilikuwa zinanipumbaza.

Ripoti ilipotoka, jambo moja lilimfanya Daktari Simiyu akune kichwa. Wanawake walioacha kemo katikati walionekana kuishi sawa na waliomaliza. Ukikaza macho ungesema hata waliwazidi kidogo.

"Mama, hii inanishangaza," akasema. "Una uhakika na hawa walioacha?"

"Nimewapigia mimi mwenyewe, Daktari. Kila mmoja."

Aliniamini. Akaandika kwamba jambo hilo linahitaji kuchunguzwa zaidi, kisha akaliacha hapo. Mwishoni mwa ripoti waliweka jina langu kwenye ukurasa wa shukrani. Sikuwahi kuona jina langu limepigwa chapa. Nikatoa nakala, nikampelekea Sista Nasimiyu Webuye, nikiwa nimefungua ukurasa ule ule asije akaukosa. Alivaa miwani, akasoma yote kuanzia mwanzo, mimi nikimngoja kama mtoto anayengoja kusahihishiwa daftari.

"Umekua," akasema. Sikuwahi kusikia neno lingine kama hilo kutoka kwake.

Mwaka ule haukwisha kabla ya Sista mwenyewe kupata uvimbe. Aliugusa akioga, na kwa kuwa ni muuguzi hakujidanganya. Alikuja kwetu, akakatwa titi katika wodi ile ile aliyoitawala, akiwakaripia wauguzi kwa namna wanavyotandika shuka. Daktari akampangia kemo raundi sita. Mbili za kwanza alizipita. Ya tatu ilimwangusha. Alitapika mpaka akakosa cha kutapika, mdomo ukajaa vidonda, akawa anakunywa uji kwa mrija. Siku ya raundi ya nne hakuja.

Nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba akichagua maharagwe, kitambaa kichwani, vidole vimekuwa vyeusi kwenye kucha. Binti yake Nekesa, mwalimu wa shule ya msingi, alinikaribisha, akatuacha.

"Sirudi," Sista akasema kabla sijauliza. "Na usianze kunihubiria, wewe msichana." Nilikuwa na wajukuu tayari, lakini kwake nilibaki msichana.

"Zimebaki tatu tu, Sista."

"Ripoti yako ninayo." Akainua ungo wa maharagwe, na ilikuwa pale chini, imekunjwa na ina doa la uji. "Wanaoacha katikati wanaishi sawa na wanaomaliza. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo ilivyo."

"Angekuwa ni karani mwingine ningetilia shaka. Wewe nilikufundisha mwenyewe. Kwa hivyo kwa nini nijiue na hii sumu, kama hesabu inasema si lazima?"

Sikumpinga. Aibu yangu kubwa iko hapo, nanyi msiiruke. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilijiambia kwamba kazi yangu, kalamu yangu, imempunguzia mateso mtu niliyempenda kama mama. Nilimshukuru Mungu kwa magoti.

Wiki zikapita. Daktari Simiyu akataka sasa tuwahoji ana kwa ana wale walioacha dawa, tuwaulize wanaishije. Akaandaa dodoso refu. Nami nikapewa kuanza na Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kwa mama mmoja nitakayemwita Mama Nafula. Alikuwa ameacha baada ya raundi ya tatu, kama Sista. Kwenye orodha yangu kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, wenye tarehe ya simu: hai.

Mumewe, Mzee Barasa, alinipokea mlangoni. "Kalibu, mama, kalibu kiti." Tukaamkuana. Nyumbani? Salama. Watoto? Salama. Mvua? Imekuja vizuri. Ng'ombe? Anakamuliwa. Mama je? "Salama," akasema, akaita chai. Nikatoa dodoso, nikalilaza kwenye goti. Swali la kwanza lilikuwa: katika wiki iliyopita uliweza kubeba maji bila kusaidiwa? Nikawa nakunywa chai nikitazama mlango wa jikoni, nikimngoja mama atoke.

Tulimaliza chai. Mzee akaweka kikombe chini, akafuta midomo kwa kiganja.

"Sasa nikuambie habari," akasema. "Twende."

Nilimfuata nyuma ya nyumba, bado nimeshika kalamu. Kulikuwa na shamba dogo la maharagwe, na kati ya maharagwe kaburi lililojengewa saruji, lenye msalaba. Nikasoma jina. Nikasoma tarehe. Nikafungua orodha yangu, nikasoma tarehe ya simu. Nikarudi kusoma msalaba. Mama Nafula alikuwa amezikwa miezi mitano kabla mimi sijaandika kwamba yu hai.

Nilisema, "Lakini nilipiga simu." Nililisema mara mbili kama mjinga, nikimwambia mtu aliyefiwa.

"Ni wewe?" Mzee akanitazama vizuri. "Ehe, sauti ni hii. Ni mimi nilishika. Simu yake ninayo mimi."

"Nilikuuliza mama anaendeleaje. Ukasema salama."

"Si ndiyo salamu, mama? Mtu akikuamkua utamtupia kifo usoni hata hajaketi? Unajibu salama, mnamaliza, ndiyo unamwambia habari." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nilikuwa nakuja kukuambia. Nikasema salama, nikavuta pumzi kidogo, maana maneno hayo ni mazito kwa mwanaume. Wewe ukasema Mungu awabariki, ukakata."

Jamani, mimi nimezaliwa katika nchi hii. Baba yangu mwenyewe alipofariki, jirani alinisalimu, nikamjibu "nzuri tu" kabla ya kumwambia kwamba mzee hayupo. Sote tunaamkuana hivyo, Mbukusu na Mkikuyu na kila anayelima mahindi kati ya Kitale na Bungoma. Nilijua habari ya kweli huja baada ya salamu, tena baada ya kiti. Nilichukua nusu ya kwanza ya mazungumzo nikaiandika kama matokeo ya matibabu.

Nikamuuliza Mzee Barasa mama alikaa muda gani baada ya kuacha dawa. Akaniambia kwa misimu, kama mkulima: alipanda, akapalilia, kuvuna hakuvuna. Ugonjwa ulirudi kwenye mifupa. Nikayaandika hayo nyuma ya dodoso, maana mbele hakukuwa na swali lake.

Nyumba ya pili, upande wa pili wa barabara, nilikataa chai. Nikauliza wazi, nikiwa nimesimama, kwa adabu mbaya kabisa. Amefariki. Ya tatu, amefariki. Katika nyumba ya nne alitoka mama mwenyewe, mkono umevimba kama mto wa kulalia, nikamkumbatia na kulia begani mwake. Hakujua kwa nini, akawa ananipigapiga mgongo akisema pole, pole. Nikapiga simu nyingine nikiwa kando ya barabara, na safari hii nikangoja. "Salama," sauti ikasema. Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Kisha sauti ikasema, "Ila dada tulimpoteza." Kimya hicho kilichukua muda wa kumeza mate mara tatu. Muda huo ndio niliokuwa nikiwanyima watu wote wale ili niwahi chai ya saa nne.

Hapo nikamkumbuka Sista. Alikuwa amekaa wiki saba bila dawa, kwa sababu ya mwandiko wangu.

Nilifika Webuye jioni, viatu vikiwa na matope ya Mabanga. Sista alikuwa amenona kidogo, nywele zimeanza kuchipua kama majani ya baada ya moto, na alifurahi kuniona. Hilo liliniumiza zaidi.

"Habari ya huko?" akauliza.

"Mbaya," nikasema. Sijawahi kuijibu salamu hivyo maishani mwangu. Uso wake ukabadilika papo hapo, akaweka chini alichoshika.

Nikamweleza yote. Simu, salamu, msalaba, tarehe. Nilipofika kwenye "Mungu awabariki, ukakata", alifumba macho. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, haji wala haendi.

"Hukuwaona," Sista akasema.

"Sikuwaona."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja, Sista. Nilihesabu kutoka mlangoni."

Nilidhani atanipiga. Umri wake ulimruhusu. Akanyoosha mkono. "Lete orodha." Akavaa miwani, akaanza kusoma majina kwa sauti, polepole. Wengine alikuwa amewauguza yeye. "Huyu wa Kimilili, aliyekuwa akiimba?" Nikamwambia, kwa simu ya leo, amefariki. "Huyu mwenye mapacha?" Amefariki. "Huyu?" Huyu yuko, nimemshika kwa mikono. "Huyu?" Sijui bado. Alipofika nusu ya ukurasa aliacha kusoma, akailaza karatasi magotini.

"Niliamini kwa sababu ni wewe," akasema. Basi. Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, na hakuna tusi lililonichoma kama hilo, ambalo halikuwa hata tusi.

Halafu akavua miwani. "Nekesa, ile nguo yangu ya kliniki iko wapi? Kesho asubuhi tunaenda." Akanigeukia. "Na wewe utakaa na mimi wakinichoma hiyo sindano. Nikitapika, utashika beseni."

Nilishika beseni raundi ya nne, ya tano na ya sita. Daktari wake alimwambia wazi kwamba wiki saba si kitu kidogo, na kwamba hakuna anayejua zimegharimu nini. Sista akajibu kwamba yeye hakuuliza. Mimi ndiye niliyeuliza, kila siku, nikiwa peke yangu.

Daktari Simiyu nilimwambia siku iliyofuata safari ya Mabanga. Aliketi, akasikiliza, chai yake ikafanya ngozi juu bila kuguswa. Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu. Akasema, "Mimi nilijua haiingii akilini, na nikaipitisha. Tutaandika barua." Akaiandika, akaiondoa ripoti mbele ya wakubwa zake, jambo ambalo si rahisi kwa kijana. Kisha tukaanza upya, nyumba kwa nyumba, tukisaidiwa na wahudumu wa afya wa vijijini wanaojua kila boma. Hesabu mpya sitaziandika hapa, zimo kwenye faili zenu. Zilituonyesha kinyume cha zile za kwanza, na Daktari aliposoma ukurasa wa mwisho alitoka nje akasimama kwenye jua.

Ndiyo maana kwenye fomu mnazotumia kuna nafasi inayouliza "Nani amemwona, na lini?" Najua mnailalamikia. Ninajua pia kwamba kuna siku mnaijaza bila kumwuliza mtu, kwa sababu mwandiko huwa ni ule ule na wino ule ule. Msifanye. Mkipiga simu, ulizeni hali, mjibiwe salama, kisha mnyamaze. Mezeni mate mara tatu. Halafu semeni, "Sasa niambie habari." Na hata hapo msiandike hai mpaka mtu mwenye jina awe amemwona.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa na mstari mmoja ambao haukuwa umejazwa, nao ulikuwa wa Sista Nasimiyu. Miadi yake ya kliniki ilikuwa imepita siku kumi na hakuja. Nikapiga simu. Ikashikwa na Nekesa.

"Habari ya huko, mwalimu? Mama anaendeleaje?"

"Salama, Mama Nyambura."

Nikanyamaza. Nikameza mate mara moja. Nekesa akavuta pumzi, akasema, "Ila..." na simu ikakatika. Nikapiga tena, hapatikani. Nikapiga tena. Nyinyi mlikuwa chumba cha pili mkipanga soda na keki ya kuniaga. Mkanitafuta, mkaambiwa ametoka. Mlinisema sana siku hiyo, nimesikia. Sasa mnajua nilikwenda wapi.

Boma la Webuye lilikuwa kimya. Mlango wa mbele umefungwa. Nikabisha, hakuna aliyeitika. Miguu haikutaka kunipeleka nyuma ya nyumba, maana nyuma ya nyumba nilishakwenda mara moja, kule Mabanga. Nikaenda.

Alikuwa amelala juani kwenye mkeka, ubavu, mgongo kwangu, amejifunika leso mpaka mabegani. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa bendeji. Nikasogea karibu. Nikasimama. Nikaitazama ile leso, na kwa muda ambao sitaki kuupitia tena, sikuona kitu.

Kisha ikapanda. Ikashuka. Nikangoja. Ikapanda.

"Nimeteguka mguu," Sista akasema bila kugeuka. "Nekesa ameenda kuchaji simu na kuninunulia dawa ya kuchua. Wewe umesimama hapo unafanya nini?"

"Nahesabu, Sista."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi andika," akasema, akavuta leso, akarudi kulala.